Roho Thelathini

Mama mmoja wa hapa Lodwar alinisimamisha juzi tukitoka kanisani. "Mwalimu, watoto wanashinda kwa kile kibanda wakipiga risasi, na wewe umenyamaza tu?" Nikamwambia mpwa wangu wa miaka tisa yuko mle mle, na aliyemlipia ni mimi. Alinitazama kana kwamba nimempa mtoto chang'aa.

Pale nje jua lilikuwa kali, sikumjibu vizuri. Wacha nimjibu hapa.

Gemu yenyewe ni Contra, iliyotolewa na Konami ya Japani mwaka 1987. Waliocheza zile mashine za kaseti za manjano wanaijua: askari wawili wanakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, wanapigana na jeshi na majitu ya kutoka anga za mbali. Risasi moja ikikugusa, umekufa. Unaanza na roho tatu.

Lawama ya kwanza ni kwamba ni ngumu mno kwa mtoto. Ni ngumu, kweli. Lakini mwaka 1986 Kazuhisa Hashimoto wa Konami alikuwa akitayarisha Gradius, gemu ya vyombo vya anga, ichezwe nyumbani. Alipoijaribu, ikamshinda yeye mwenyewe! Akaficha ndani yake mpangilio wa kubonyeza vitufe uliompa silaha zote. Mpangilio huohuo ukaingia kwenye Contra ya nyumbani, na huko unakupa roho 30. Kama fundi alishindwa, mtoto akishindwa si mjinga.

Na ugumu huu una haki. Adui anatokea palepale, kila mara. Mpwa wangu amekufa mahali pamoja hadi akaanza kujisemea: ruka, lala, ruka. Siku moja akapita. Hakuna aliyemsaidia. Mimi nafundisha hesabu, na ningetoa mengi kuona subira hiyo darasani. Tunasema mchelea mwana kulia hulia yeye, halafu tunataka gemu ambayo mtoto hashindwi.

Lawama ya pili ni bunduki, na hapa siendi mbio. Turkana bunduki si hadithi. Kuna watoto hapa waliopoteza baba kwa uvamizi wa mifugo. Na siku tatu kwa wiki mimi nafundisha Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa, kwenye kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kupokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Leo wanafunzi wangu wametoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo. Kule nako kuna kibanda. Nimeona mtoto akitoka mle ameziba masikio, akakaa ukutani hadi wenzake walipomaliza. Sikumwambia arudi, na mtu asije akamlazimisha.

Lakini mwenzake, aliyekimbia vita vilevile, haachi pedi. Nilimuuliza anapenda nini humo. Akasema, "Mwalimu, hii risasi ukiangalia unaiona ikija."

Nani kati yetu atamwambia huyo kwamba gemu haimfai? Wazungu wa Ulaya wana alama zao za PEGI: 3, 7, 12, 16, 18. Zinapima yaliyomo ndani ya gemu, ugumu hazipimi. Wala hakuna alama inayouliza mtoto ameona nini kabla ya kushika pedi. Hilo litajulikana na mtu mzima aliyeketi karibu naye.

Mtanitajia Lual Mayen, Msudani Kusini aliyelelewa kambini Uganda. Mama yake alijinyima akaweka dola 300 za kumnunulia kompyuta. Yeye akatengeneza Salaam, gemu ya amani. Namheshimu sana. Ila angalieni gemu yake: mchezaji ni mkimbizi anayekimbia ili asiuawe. Mayen hakuwaficha watoto vita. Aliwapa njia ya kuvipita.

Mimi nina lawama yangu, na hii mama hakuitaja. Gemu hizi zilizaliwa kwenye mashine za sarafu. Ukifa, unatumbukiza nyingine. Ugumu ulikuwa biashara. Kibanda kinacholipisha kwa dakika kinaweza kumnyonya mtoto vilevile. Mpwa wangu nampa shilingi 20, zikiisha, anatoka. Mwenye kibanda anayempokea mtoto saa za masomo, huyo ndiye wa kupelekwa kwa chifu. Gemu za kuchinja watu wanaofanana na watu, nazo ziondoke mbele ya watoto. Na zile mashine za kamari za kutumbukiza sarafu zilizoenea madukani nchini, mbona zilikaa sana kabla hatujapiga kelele? Kwenye kamari mtoto hana cha kujifunza. Hata akicheza mara mia, mashine haimwonyeshi risasi inatoka wapi.

Kwa hivyo mama, kibanda kisifungwe. Kiwekewe saa, na mtu mzima akae ndani. Contra huchezwa na watu wawili. Jumamosi njoo na kijana wako, ushike pedi ya pili. Utakufa haraka sana, hilo nakuhakikishia. Mpwa wangu atakuonyesha pa kuruka.