Linux yabisha hodi kwa wenye kompyuta kuukuu

KAMPUNI ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida za Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025. Windows 11 nayo huzikataa kompyuta nyingi zilizoundwa kabla ya 2018. Kwa familia ya Kosele, Homa Bay, iliyojinyima ikanunua kompyuta iliyokwisha kutumika ng'ambo, hilo ni pigo: mashine nzima, mlango wazi kwa wadukuzi.

Linux haitozwi hata senti. Wala si ngeni kwa Kiswahili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kikwazo ni fundi. Asiyeijua Linux, kompyuta ikimgomea, ataifuta na kurudisha Windows ya wizi, kisha adai malipo yake.