Hasikii au Hataki Kusikia?

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sina ugomvi na methali hii, ila nyumbani kwetu ilimwadhibu mdogo wangu bure.

Alipokuwa darasa la pili, alikuwa akiitwa haitiki. Mwalimu wake akaandika kwenye ripoti kuwa ni mkaidi. Nasi huku Kawangware tukamwita kichwa ngumu, na mama akamchapa si mara moja. Siku moja shangazi akagundua jambo: ukimwita ukiwa kulia kwake anageuka, ukiwa kushoto kimya! Tukapanda matatu ya 46 hadi kliniki moja mjini. Huko alivishwa visikizi, akaambiwa ainue mkono kila asikiapo mlio. Sikio la kushoto lilikuwa limeharibiwa na usaha wa muda mrefu. Tulipokuwa tukirudi, mama alilia mpaka tukashuka.

Waama, lugha yetu yenyewe inatuchanganya. Kusikia ni kazi ya sikio, na kusikia ni kutii pia. Nani atayatenganisha hayo mawili? Ni mtaalamu wa kupima usikivu. Mwenzake ni yule wa tiba ya usemi, anayewasaidia wenye kigugumizi na waliopoteza usemi kwa kiharusi. Wataalamu hawa ni haba kwetu. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianza kufunza shahada ya tiba ya usemi mwaka wa 2008 tu. Lakini sisi tukiulizwa tunataka kuwa nani, tunajua udaktari, uwakili na uhandisi, basi.

Wapo wasemao kwamba Kiswahili hakina kazi ila ualimu na utangazaji. Nawapinga. Sauti za ufizi, nazali na vikwamizo tunavyokariri kwa ajili ya mtihani ndizo zana za kazi hii, pamoja na sikio la bayolojia na mawimbi ya sauti ya fizikia. Jaribio lililotungwa kwa watoto wa Uingereza halina neno linaloanza kwa ng'. Litampimaje mtoto wa Kangemi anayesema "nombe" badala ya "ng'ombe"? Tena hapa Nairobi wapo wanaobadilishana r na l kwa sababu ya lugha ya mama. Hiyo ni lafudhi, si ugonjwa. Mgeni ataijuaje?

Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wanahitaji huduma kwa kupoteza usikivu. Kazi basi ipo. Nawaomba walezi wa chama chetu wamwalike mmoja wa wataalamu hawa aje atueleze njia ya kuifikia.

Mdogo wangu sasa hukaa dawati la mbele, sikio lake zima likimwelekea mwalimu. Ripoti ya muhula uliopita haikuwa na neno "mkaidi".