PAA LIKIENDA, NANI ATALIRUDISHA?

Ndugu zetu wenye nyumba Kigamboni walalamika kwamba ada ya bima yazidi kupanda. Kilio chao ni cha haki. Lakini kuiacha bima kwa hasira si dawa.

Wapo wasemao kuwa pwani yetu haijui tufani. Hao wamesahau. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iling'oa mikarafuu ya Unguja na kuvunja vyombo bandarini. Mwaka 1952 ikaipiga Lindi. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kikafika karibu na Mafia. Makampuni ya bima nayo hujikatia bima ng'ambo. Huko bei ikipanda, mzigo humshukia mwenye nyumba.

Tufanyeje basi? Kwanza, tukatie bima jengo, si kiwanja. Tuseme nyumba pamoja na kiwanja chake thamani yake ni shilingi milioni 100, na kuijenga upya ni milioni 60. Hizo 40 ni za ardhi, na ardhi haipeperuki; mbona tuilipie? Wala tusishuke chini ya 60, kwani siku ya hasara fidia nayo hupunguzwa.

Pili, tusome mkataba kabla ya kutia saini: bima ya moto pekee hailipi tufani wala mafuriko. Tatu, tukaze mapaa, kisha tudai nafuu.

Na Serikali twaiambia: aliyeimarisha nyumba yake apunguziwe ada kwa sheria, si kwa hisani. Haki haiombwi kama sadaka.