New York: Deli ya Kiyahudi ya Rego Park yafunga milango, wateja wabaki na roho mbili

Tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 2018, siku ya Jumamosi, butiki moja ya nyama na mikate ilifanya kazi kwa mara ya mwisho katika kartie Rego Park, mjini New York, Marekani. Jina lake Ben's Best. Ilifunguliwa mwaka 1945, wakati vita kubwa ya pili ya dunia ilikuwa inaisha, na ilikaa miaka 73 kwenye barabara ileile ya Queens Boulevard. Baba, Ben Parker, ndiye aliianzisha. Mtoto wake, Jay Parker, ndiye ameifunga.

Butiki kufungwa si habari. Kila mwezi zinafungwa, huko na huku. Lakini hii imegawanya wateja wake. Kuko wenye kusikitika sana, kuko wenye kukasirikia wakuu wa mji, na kuko wenye kusema kwa sauti ya chini kwamba wao walishaacha kwenda kule tangu zamani. Mara nyingi hawa watatu ni mtu mmoja.

Huku Kongo neno deli halijulikani sana. Ni nusu butiki, nusu resto. Upande mmoja kuko vitrini ya nyama na masosi, na nyuma yake mkataji mwenye kisu kirefu. Upande mwingine kuko meza. Unaweza kununua kilo moja ukapeleka nyumbani, ama ukakaa ukala palepale. Chakula chenye kujulikana zaidi ni pastrami: nyama ya ng'ombe inalowekwa siku nyingi katika maji ya chumvi, inapakwa pilipili manga na viungo vingine, inatiwa kwenye moshi, kisha inapikwa kwa mvuke saa kadhaa mpaka inalegea. Inakatwa vipande vyembamba, inawekwa kati ya mikate miwili, inapakwa haradali, basi. Mkaaji wa Uvira ama wa Kalemie mwenye kujua samaki ya moshi ataelewa upesi: mapishi ya namna hii yalianza juu friji haikuwako.

Tena Ben's Best ilikuwa kosher, maana yake inafuata sheria ya chakula ya Kiyahudi. Nguruwe haingii. Nyama haichanganywi na maziwa wala jibini. Mnyama anachinjwa kwa utaratibu wake. Hiyo nyama inauzwa bei kali kuliko ile ya kawaida, na mwenye kosher hana njia ya kuikimbia.

Walioleta chakula hiki walikuwa Wayahudi wa Ulaya ya mashariki. Kati ya mwaka 1881 na mwaka 1924, karibu watu milioni 2 walivuka bahari kwenda Marekani wakikimbia umaskini na mashambulizi katika ufalme wa Urusi, Romania na nchi za jirani. Wengi walishukia New York. Pastrami yenyewe ilitoka kwa wale wa Romania. Kufikia miaka ya 1930, mji huo ulikuwa na deli za kosher zaidi ya 1500. Leo ni chache sana, na kila moja ikifunga watu wanahesabu zile zilizobaki.

Kwa nini Ben's Best imefunga? Jay Parker ametoa jibu ambalo limewasha moto kartieni: njia ya baiskeli.

Ili kuelewa, lazima kuijua Queens Boulevard. Ni barabara nene, kuko sehemu yenye mistari 12 ya magari. Kwa miaka mingi watu wa New York waliibandika jina la barabara ya kifo. Katika mwaka 1997 peke yake, watu 18 waliokuwa wakitembea kwa miguu waliuawa pale na magari. Wengi wa wenye kugongwa katika barabara ya namna ile ni wazee, wale ambao taa inabadilika wakiwa bado katikati. Mwaka 2014 meya Bill de Blasio alianzisha mpango wa kupunguza vifo vya barabarani, na tangu 2015 Queens Boulevard imeanza kutengenezwa upya, kipande kwa kipande: nafasi ya wenye miguu, na njia ya baiskeli iliyopakwa rangi ya kijani. Kazi ilifika upande wa Rego Park mwaka 2017. Mahali ambapo magari yalikuwa yanasimama, sasa zinapita baiskeli.

Parker anasema wateja wake wamekosa mahali pa kuweka gari, wakapita, wakaenda kula kwingine. Wenye kupigania usalama barabarani wanakataa. Wanasema hakuna sandwichi yenye kulingana na maisha ya mtu, na kwamba deli zilikuwa zinafungwa New York muda mrefu kabla ya rangi ya kijani kumwagwa pale.

Wote wawili wanasema jambo la kweli, ndiyo maana wateja wanashindwa kuchagua upande. Mzee wa miaka 80 mwenye magoti mabaya anafurahi kuvuka barabara bila kuogopa kifo. Mzee huyohuyo hawezi kushuka gari mitaa mitatu mbali na kutembea mpaka mezani. Barabara ile ilikuwa inamtisha, na barabara ile ndiyo ilikuwa inamleta.

Lakini kulaumu baiskeli peke yake ni rahisi mno. Kuko swali ambalo watu wa Rego Park hawapendi kujiuliza sana: butiki ya kartie inakuwa na lazima gani ya parkingi? Mama mwenye kuuza mikate kwenye kona ya avenue haulizi wateja wake wameweka gari wapi, juu wanatoka nyumba ya pili. Kama Ben's Best ilikuwa inaishi kwa magari, ni kwa sababu wateja wake hawakuwa tena wakaaji wa Rego Park. Walishahama. Baada ya vita, familia nyingi za Kiyahudi zilitoka katikati ya mji, zikaenda kujenga mbali zaidi, Long Island na kwingine, kwenye nyumba yenye jardini. Watoto wao walisoma, wakawa madaktari na wanasheria, wakaenda mbali zaidi tena. Walikuwa wanarudi: siku ya kumbukumbu ya baba, siku ya kumleta mjukuu aone pale ambapo babu alikuwa anakula. Mara mbili kwa mwaka, labda tatu. Wanakula, wanapiga picha, wanaenda.

Mtu wa namna hiyo ndiye mwenye kulia zaidi siku ya kufunga, na kilio chake ni cha kweli. Lakini muuzaji hawezi kulipa wafanyakazi wa mwezi mzima kwa mtu anayekuja mara mbili kwa mwaka. Katika mji wa New York mshahara wa chini wa kisheria, kwa kampuni yenye zaidi ya watu 10, ulikuwa dola 9 kwa saa moja mwanzoni mwa 2016. Katikati ya 2018 ulikuwa dola 13, na mwisho wa mwaka huo ulifika 15. Kwa mfanyakazi ni haki yake, hakuna wa kumlaumu. Kwa mwenye butiki ni lazima apandishe bei. Na pastrami ni chakula chenye hasara ndani yake: kipande kikubwa kinaingia chunguni, kinatoka kimepungua sana juu ya chumvi, moshi na mvuke. Huko Katz's, deli ya mwaka 1888 ambayo bado iko wazi, sandwichi moja ya pastrami mwaka 2018 ilipita dola 20. Huku kwetu wakati ule ilikuwa zaidi ya franka 30 000. Mmarekani mwenyewe anaguna.

Kisha kuko mambo ya afya. Daktari anamkataza mzee chumvi na mafuta. Deli ni chumvi na mafuta.

Kinachoshangaza ni kwamba Rego Park haijakosa Wayahudi. Iko nao wengi, pamoja na kartie jirani ya Forest Hills. Lakini ni wengine. Ni Wayahudi wa Bukhara, kutoka Uzbekistani na Tajikistani, katikati ya Asia, ambao wengi walifika baada ya dola ya Kisovieti kuvunjika mwaka 1991. Wako na resto zao, wako na wachinjaji wao, na wanafuata kosher. Wanakula nyama ya kuchoma kwenye vyuma, sawa mishikaki, mkate wa mviringo wa tanuri, na plov, wali wa nyama na karoti ambao ni ndugu wa damu wa pilau, hata jina ni moja. Pastrami kwao ni chakula cha watu wengine. Zaidi ya hayo, kuko deli za kosher za New York zenye kufungua hata Jumamosi, siku ya Sabato, na Myahudi mshika-dini hataki kula mahali pa namna hiyo, hata kama nyama ni safi.

Wakongomani hawafai kushangaa. Wayahudi waliokuja Élisabethville wakati wa Wabelgiji, wale wenye sinagogi ambayo iko Lubumbashi mpaka leo, wengi walitoka kisiwa cha Rhodes. Hao nao walikuwa na vyungu vyao vya Mediterania. Pastrami ya New York haikuwa yao. Kwa hiyo mtu anaposema "chakula cha Kiyahudi kinakufa Rego Park", anasema juu ya chakula cha babu yake. Cha jirani kinaendelea vizuri, kinanukia mpaka barabarani.

Hii haikuanza na Ben's Best. Mwaka 2006, Second Avenue Deli ilifunga Manhattan baada ya kushindana na mwenye nyumba juu ya loyeri, na pale ilipokuwa pakaingia benki. Lakini mwisho wa 2007 familia iliifungua upya mahali pengine. Wateja wakafurahi, kisha wakalalamika kwamba si ileile. Na tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2016, Carnegie Deli, ya mwaka 1937, ilifunga katikati ya mji. Watu walipanga mstari saa nyingi katika baridi ya Desemba kula sandwichi ya mwisho. Pale hakuna wa kulaumu baiskeli, wala loyeri: familia ilikuwa mwenye nyumba. Mama Marian Harper Levine, aliyerithi kazi ya baba yake, alisema amechoka na maisha ya kuamka mapema na kulala usiku sana. Wafanyakazi waliomba kazi iendelee, na mtu mmoja akasema yuko tayari kununua kwa mamilioni ya dola. Alikataliwa. Mteja katika mstari alikuwa na haki ya kusikitika. Mkataji wa nyama alipoteza mkate wake wa kila siku. Haya mawili magazeti yalipenda kuyachanganya.

Habari hii inaweza kuonekana mbali na Goma, Bunia ama Bukavu. Lakini familia nyingi za Kivu na Ituri ziko na mtu Marekani sasa hivi. Kuanzia mwaka 2016, kwa miaka kadhaa, Kongo ndiyo ilikuwa nchi iliyotoa wakimbizi wengi kuliko zote kati ya wale waliopokelewa Marekani kupitia mpango wa kuhamisha wakimbizi, na wengi wao walitoka makambini Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania. Mahali popote wanapofika, haipiti muda mrefu mtu anafungua butiki ndogo: unga wa muhogo, sombe ya kongela, ndagala, mawese. Jumamosi inajaa. Wanaokuja kununua si njaa peke yake inawaleta. Wanakuja kusikia Kiswahili, kuuliza habari za nyumbani, kujua nani amefiwa. Deli za New York zilianza hivyohivyo. Wakati wa vita ya pili, familia zilikuwa zinanunua sosi kavu pale na kuzituma kwa watoto wao walioko jeshini, mbali sana.

Watoto wa hawa wakimbizi wanakua wakila pitsa shuleni. Wengine wanakataa ndagala juu ya harufu, wanaogopa kuchekwa na wenzao. Wazazi wanajua, na hawana jibu moja. Kuko mzazi anayelazimisha, na kuko anayeacha, akijiambia mtoto ataitafuta mwenyewe siku moja. Watoto wa Rego Park waliitafuta pia, mara mbili kwa mwaka.

Wakati ule mteja wa Ben's Best mwenye hamu ya pastrami ya kosher bila kutoka Queens aliweza kwenda Bayside. Kule kulikuwa deli nyingine yenye jina karibu sawa, Ben's, ingawa si ya familia ya Parker. Ilikuwa ndani ya kituo kikubwa cha mabutiki, chenye parkingi pana. Lakini ilikuwa lazima awe na gari.