Tenga Nafasi ya Pilipili Karibu na Jiko

Mkulima mwenzangu, ukipita katika mashamba ya skimu utaona mahindi yamepandwa mpaka ukutani mwa nyumba, na trekta hugeuzwa pale pale mlangoni. Twafanya hivyo kwa sababu ya karo ya shule, na siwezi kumlaumu mtu kwa kutafuta karo. Hata hivyo naona ni kosa. Nyumba yenye ekari tano, ambayo bado inanunua pilipili na mboga sokoni kila juma, haijafanya hesabu yake vizuri. Mistari miwili ya mahindi karibu na jiko haitajaza gunia. Mistari miwili ya pilipili mahali hapo itawatosha kwa miezi mingi.

Nasema pilipili yenye ukali kidogo. Sisemi hoho, ambayo haina ukali wowote, wala pilipili kichaa, ambayo baba hujivunia kuila peke yake huku watoto wakimtazama. Mwaka 1912 Mmarekani mmoja, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali wa pilipili. Kwa kipimo hicho hoho ni 0, pilipili kichaa hupita 50,000, na ile iitwayo jalapeño, ambayo asili yake ni Mexico, ni kati ya 2,500 na 8,000. Hii ya mwisho ndiyo nikutakiayo. Ulizia mbegu zake dukani. Mama aweza kuikata ndani ya sukuma wiki au maharagwe, na nyumba nzima ikala. Akitaka kupunguza ukali zaidi, na aondoe ule utando mweupe wa ndani, maana ukali hukaa humo hasa, wala si katika mbegu kama wengi wadhanivyo. Tena pilipili mbichi ina vitamini C kwa wingi.

Wenzetu wa Kinangop na Ol Kalou wataniambia ya kuwa kwao baridi ya usiku huua mimea hii. Ni kweli. Huko panda katika debe kuukuu, uliweke ukutani penye jua, na usiku uliingize ndani. Wa Lugari na Mwea hawana udhuru.

Mbegu huoteshwa kwanza kitaluni. Baada ya majuma sita hadi manane hamisha miche jioni, futi moja na nusu kati ya mche na mche, futi mbili kati ya mistari. Tia samadi iliyooza vizuri, lakini usizidishe, maana utapata majani mengi na matunda machache. Mwagilia bila kukosa: mmea ulioona kiu mara nyingi huzaa pilipili kali kuliko ulivyotazamia. Na usipande mahali palipotoka viazi au nyanya, maana mimea hii ni jamaa moja na huambukizana ugonjwa wa kunyauka. Mmea hulegea ghafla ungali kijani, wala hakuna dawa ya kuuponya.

Sasa nije kwa jambo lililonifanya nishike kalamu, nalo ni mbegu. Watu husema ya kuwa ukipanda pilipili pole kando ya pilipili kali, ile pole itakuwa kali. Mimi nilifanya hivyo, na matunda ya msimu ule yalikuwa pole kama kawaida. Nikawacheka jirani zangu, nikaweka mbegu. Msimu wa pili mjukuu wangu alitafuna moja ya zile zilizozaliwa na mbegu hizo, akapiga kelele mpaka watu wakatoka barabarani. Mimi nilikimbilia maji. Mke wangu akampa maziwa, naye ndiye aliyekuwa na akili, kwa kuwa maji hayaondoi ukali ule.

Kumbe nyuki walikuwa wamechanganya chavua. Tunda hufuata mama yake, lakini mbegu iliyo ndani yake imebeba na ya baba. Basi ukitaka kuweka mbegu zako, chagua mmea mzuri, funika vichipukizi vichache vya maua kwa kifuko cha kitambaa chepesi kabla havijafunguka. Ua la pilipili laweza kujichavusha lenyewe. Litikise kidogo asubuhi. Tunda likishika, ondoa kifuko, ulifunge uzi mwekundu, na waambie watoto wasiliguse. Liache mpaka liive na kuwa jekundu kabisa, kisha toa mbegu na kuzianika kivulini. Matunda matatu manne ya namna hii yatatosha kwa kitalu cha mwaka ujao, na utabaki na mbegu ya kumpa jirani.