Kuuliza si Ujinga

Wasomaji wenzangu, wako wengi hapa shuleni Kamukuzi waonao haya kuomba msaada katika Kilatini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mwalimu alipotupa sentensi hii, "Hominem canis mordet," niliifasiri kwa Kiingereza neno kwa neno, nikaandika kwamba mtu anamwuma mbwa. Darasa zima likacheka.

Jioni nilimwendea mwenzetu mmoja atokaye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Yeye ni Mkongo, na tumezoea kumcheka kwa Kiingereza chake. Hakunipa jibu. Aliniambia kwa Kiswahili, "Ndugu, usitazame neno lililotangulia, tazama mwisho wake. Canis ndiye mwenye kuuma. Hominem, kwa ile m ya mwisho, ndiye mwenye kuumwa. Hata sisi husema: Mtu yule, mbwa anamwuma. Mtu ametangulia, lakini hakuuma."

Mara nikaelewa. Kiingereza hutegemea mpango wa maneno, Kilatini hutegemea miisho yake.

Basi, maoni yangu ni haya. Anakiliye jibu la mwenziwe hupata alama za siku moja tu. Kesho sentensi ikibadilika, amepotea. Aulizaye sababu hubaki na ufunguo mkononi. Tena tusipime akili ya mtu kwa Kiingereza chake. Mimi nimekwisha kumwomba radhi ndugu yule. Ninyi je?