Dawa ya akili na moyo: kwa nini mgonjwa wa Haneti apimwe ECG

Mgonjwa wa akili anayetoka Haneti, wilayani Chamwino, anaweza kumeza klopromazini miaka mingi bila moyo wake kupimwa hata mara moja. Na dawa hiyo inagusa moyo.

Klopromazini ni ya familia ya fenothiazini. Ilitengenezwa Ufaransa mwaka 1950, ikaanza kutumika kwa wagonjwa wa akili 1952, na hadi leo bado inatumika. Ni ya bei nafuu na inasaidia, ndiyo maana haiondoki.

Shida iko kwenye umeme wa moyo. Baada ya kila pigo, seli za moyo hutoa potasiamu ili zijiandae kwa pigo linalofuata. Fenothiazini huziba njia hiyo kwa kiasi. Moyo unachelewa kujichaji, na ukichelewa sana mapigo huvurugika: mtu anazimia ghafla, wengine hufa.

Sio nadharia tu. Thioridazini, ndugu yake, iliondolewa sokoni duniani na mtengenezaji wake mwaka 2005 kwa sababu hiyohiyo. Hatari ya klopromazini ni ndogo kuliko hiyo, lakini ipo, hasa dozi ikiwa kubwa.

Sasa ongeza malaria. Dawa ya mseto, ALu, nayo inahitaji tahadhari kwa anayetumia dawa za aina hii. Erithromaisini vilevile. Kuhara na kutapika kunashusha potasiamu mwilini. Mambo haya yakikutana kwa mtu mmoja, hasa mwanamke au mzee, hatari inapanda. Na anayeandika ALu zahanati mara nyingi si yule aliyeandika klopromazini Mirembe.

ECG yenyewe haiumi, ni dakika chache. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma mjini, ina huduma za moyo. Kinachokwamisha ni nauli na siku nzima ya ndugu anayemsindikiza mgonjwa. Kipimo kikipangwa siku ileile ya kufuata dawa, safari ya pili haipo.

Hii isiwe sababu ya kuacha dawa. Ukiacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu. Ukienda zahanati, mwonyeshe mhudumu pakiti za dawa zote unazotumia. Aliyewahi kuzimia, au ambaye kwenye ukoo wao kijana alikufa ghafla, aseme kabla ya dozi ya kwanza.